Jani la Tano

Majani yalikuwa manne.

Nati aliyahesabu kwa macho, akayahesabu kwa ncha ya kibano, kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni na kuhesabu tena. Manne. Na jicho la kamera ile hufumba kwa majani matano.

Yalikuwa yamelala kwenye sahani, meusi, membamba kuliko ganda la kitunguu, kila moja limepinda kama mundu wa mtoto. Ukibonyeza kitufe yanafunguka yote pamoja, mwanga unaingia, yanafumba. Likikosekana moja, kamera inabaki imekodoa jicho, na picha inatoka nyeupe kama ukuta. Pembeni ya majani kulikuwa na pete mbili za shaba, springi, skrubu kumi na moja, na mwili wenyewe wa kamera: kisanduku cheusi cha macho mawili, la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Kisanduku hicho kilishapiga mtaa mzima. Vitambulisho, harusi, na wale walioachana kabla picha hazijakauka.

“Mama,” Nati aliita upande wa pili wa pazia, “Jumamosi Mzee Picha alipoleta ule mfuko, mimi nilihesabu?”

“Uhesabu nini?” alijibu mama mkwe. “Ulikuwa unacheka.”

Na kweli alikuwa anacheka. Sebule yao ilikatwa katikati kwa pazia la maua: mbele mume ananyoa, nyuma mke anatengeneza. Anayekuja kunyolewa anasikia bisibisi, na anayeleta redio anasikia habari za watu. Jumamosi ile nyumba ilikuwa imefurika. Wifi yake Nati, aliyekuja kukaa siku mbili, alikuwa katika siku ya tano. Mama mkwe alikuwa na chai. Mzee Picha, mpiga picha mstaafu, akawasimulia bibi harusi aliyepigwa picha na bwana harusi mmoja akaja kuzichukua na mwingine, na kinyozi akacheka mpaka akamwacha mteja wake na upande mmoja wa ndevu. Mzee akaaga. Mfuko ukabaki mezani.

Sheria ya kazi ilikuwa ukutani, Nati kaiandika mwenyewe kwa rangi: HATUPOKEI BILA KUHESABU. Kitu kikija kimeshafunguliwa, unamwaga vipuri kwenye sahani nyeupe, fundi na mwenye mali wanahesabu pamoja kwa sauti, wanaandika, mwenye mali anatia sahihi. Ndipo unamwambia aende salama. Nati hakumwaga, hakuhesabu, hakuandika. Na kamera haikutoka nyumbani kwa Mzee moja kwa moja. Ilitoka kwa Daktari wa Saa, aliyeifungua, ikamshinda, akairudisha vipande vipande. Daktari ndiye aliyemfundisha Nati kazi, na ndiye aliyewaambia wateja kwa miaka tisa kwamba yule ni mfagiaji.

Nje, juu ya mlango, kibao kilisema: SAA. REDIO. KAMERA. Neno la tatu lilikuwa na wiki mbili tu, jekundu kuliko wenzake. Mzee Picha ndiye mteja wake wa kwanza.

“Kuna nini?” Kinyozi alichungulia, mkasi mkononi.

“Limepotea jani.”

“Limepotea kwetu au kwake?”

Nati akatazama mlango, akatazama ule mfuko mtupu. “Hilo ndilo sijui,” alisema, “na kosa langu ni hapo.”

*

Alikwenda kumwambia Mzee mwenyewe, Jumanne mapema, kabla habari haijafika kwa miguu ya wifi.

Mzee Picha aliishi na mkewe katika nyumba yenye mlango wa mbao wa rangi ya kijani. Ndani, ukuta mzima ulikuwa picha arobaini na moja za mwanamke mmoja amesimama kwenye mlango huohuo. Kila mwaka, tarehe ya ndoa yao, saa nne asubuhi, mke husimama, mume hupiga. Picha moja tu. Katika ya kwanza mwanamke alikuwa mwembamba na ana haya. Katika ya ishirini alikuwa ameshika kiuno. Katika ya arobaini na moja alikuwa anaonekana kusema, piga basi, chungu kiko motoni.

“Kwa nini msipige mbili?” Nati aliuliza, ili asianze na habari mbaya.

“Ukipiga mbili unaanza kuchagua,” alisema Mzee. “Mimi nilishachagua.”

“Na simu, jirani si angewapigia?”

“Simu inanipiga hata nikiwa natafuna,” alisema mkewe kutoka jikoni. “Ile mashine ya Mzee inanipa muda wa kufunga mdomo.”

Tarehe ya arobaini na mbili ilikuwa Ijumaa. Nati akasema yaliyotokea, yote, pamoja na kucheka na kutohesabu. Mzee alimsikiliza huku mikono yake ikitetemeka juu ya magoti, maana ilishaanza kutetemeka miaka ya karibuni. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

“Mimi kibao chako nilikisoma nikakiamini,” alisema. “Twende kwa Daktari tukamuulize.”

Duka la Daktari lilikuwa na kioo mbele na kengele mlangoni, na saa zote za ukutani zilisema saa tatu na dakika kumi kwa pamoja. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Daktari alivua kioo chake cha jichoni taratibu.

“Karibu, Mzee wangu. Na wewe binti, karibu. Imekushinda?”

“Shikamoo, Daktari. Haijanishinda. Jani moja la jicho halipo. Nimekuja kuuliza kama limebaki hapa.”

“Nilitoa matano, nikafunga matano. Nina miaka thelathini na mbili kwenye kiti hiki.”

“Mtu hupitiwa.”

“Sawa. Wewe ulipopokea ulihesabu?”

Alikuwa anajua pa kubonyeza. “Sikuhesabu,” alisema Nati.

“Hakuhesabu!” Daktari aliwageukia wale wawili wa benchini. “Nimemfundisha kwa mkono huu. Sahani nyeupe, sahani nyeupe, sahani nyeupe! Sasa kapoteza cha watu, anatafuta wa kumtwisha.” Akatulia, akatabasamu. “Lakini mimi si mtu mbaya. Unadhani limedondoka hapa? Fagia, utafute. Ufagio unajua unapokaa.”

Nati aliuchukua. Alifagia kutoka ukutani hadi mlangoni, chini ya meza, chini ya benchi, na wateja wakamwinulia miguu. Vumbi akalikusanya juu ya gazeti, akapiga magoti, akalichambua kwa kidole mbele ya watu wanne. Akapata mshale wa saa, kifungo cha shati na nusu ya ukucha.

“Umefagia vizuri,” alisema Daktari. “Hujasahau.”

Mmoja wa benchini alicheka, kisha akaona haya na kukigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Nati akasimama, magoti yana vumbi. “Mzee wangu, Ijumaa saa nne kamera yako italia. Isipolia, nitachukua rangi nyeupe nilifute neno kamera kwenye kibao changu, na Daktari aje anishikie ngazi.”

“Na jani utalipata wapi?” aliuliza Mzee.

“Nitalitengeneza.”

Daktari akacheka wazi wazi. “Jani la kamera halitengenezwi, binti. Linatoka kiwandani.”

“Na kiwandani wanalitengeneza watu,” alisema Nati, akaurudisha ufagio mahali pake.

*

Kinyozi ana wembe na ana mdomo, na siku ile mdomo ulikuwa mkali zaidi. Alipoyaona yale magoti ya mkewe yenye vumbi, alimkalisha mteja, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza.

“Mimi sisemi mtu kaiba. Nasema tu, majani yalikuwa matano yakiwa kwa Daktari, yakawa manne yalipofika kwetu. Hesabu mnaijua wenyewe.”

“Haa!” alisema mteja.

“Na mkimwuliza anawapa watu ufagio.”

“Kaka, umesahau saa ya marehemu baba mkwe wangu,” wifi aliongeza kutoka mlangoni, sufuria mkononi. “Ilikwenda kwa Daktari inachelewa dakika tano. Imerudi inachelewa nusu saa. Hiyo nusu saa nyingine ilitoka wapi?”

Swali hilo halikuwa na kichwa wala miguu, lakini lilipendwa sana. Kabla ya adhuhuri ya Jumatano lilikuwa limefika sokoni. Kufika jioni lilishapata miguu: Daktari anachomoa vipuri vizima, anatia vibovu, vizima anauza. Kuna waliojua mpaka anamuuzia nani. Watu watatu wakaenda kuchukua saa zao.

Nyuma ya pazia Nati alisikia yote. Angeweza kusema, mume wangu, punguza. Hakusema. Alikuwa anachora umbo la jani kwenye karatasi, kwa penseli iliyochongwa ikawa sindano. Na kunyamaza kwake, tuseme ukweli, kulikuwa na utamu kidogo.

*

Alhamisi alianza kwenye mwanga wa asubuhi, mlango wa nyuma wazi. Mfuniko wa kopo ulikuwa mnene. Bati la kiberiti cha gesi lilikuwa laini mno, likakunjika kama karatasi. Alihitaji chuma chembamba na kigumu, na chuma hicho kilikuwa mita mbili kutoka alipokaa, juu ya shavu la mteja.

“Baba,” alimwita mumewe, “niletee wembe mpya.”

“Unataka kujinyoa?”

“Nataka kukunyoa wewe. Lete.”

Wembe wa pande mbili. Aliubana na mkasi, ukakatika vipande vitatu kama biskuti. Wa pili hivyohivyo. Akakaa, akaugeuza geuza. Chuma cha wembe kimetiwa moto kikapozwa ghafla, ndiyo maana ni kikali na ni chepesi kuvunjika. Basi kilihitaji kusahaulishwa ugumu huo. Aliutia wa tatu kwenye moto mdogo wa jiko la gesi, ukawa mwekundu, akauzika haraka kwenye mchanga wa moto ndani ya kikaango, akaacha vipoe pamoja, polepole.

“Mkwe wangu anakaanga wembe,” mama mkwe alimwambia kila aliyepita uani. “Msiniulize mimi.”

Ulipopoa, mkasi uliukata kama kitambaa. Jani la kwanza lilipasuka kwenye tundu. La pili lilipinda. La tatu alilisugua juu ya jiwe la kunolea la mumewe, kwa ncha ya kidole na mafuta kidogo, mpaka ukilishika dhidi ya mwanga ukingo wake hauonekani. Ikabaki kazi ya kutia kipini ambacho jani huzungukia, kidogo kuliko punje ya mchele, kwenye tundu lake. Hapo kibano chake kilimwangusha. Ncha zake zilikuwa nene. Kila akishika kipini kinaruka, anakitafuta chini kwa viganja.

Mama mkwe alitazama kipini kikiruka mara ya nne. Akaondoka, akakaa chumbani kwa muda, akarudi na kitu kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa kibano kidogo, cha fedha, ncha zake kali kama mdomo wa ndege.

Nyumba nzima ikasogea kukitazama.

“Mama,” alisema wifi, “hicho ni cha nini?”

“Cha kutolea miiba.”

“Miiba gani, mama? Ya kidevuni?”

Kinyozi akajifunika uso kwa taulo la mteja. Miaka yote bibi yule alikuwa ameapa kwamba katika ukoo wao wanawake hawaoti ndevu, na mwanawe kinyozi hakuwahi kuruhusiwa kumsogelea.

“Atakayecheka,” alisema mama mkwe, “anahama leo, na wewe wa siku mbili ndiyo wa kwanza.” Akamgeukia Nati. “Shika. Yule mwanamume hawezi kukufagisha sakafu mbele ya watu halafu mimi nakaa na vyuma chumbani.”

Kipini kikaingia mara ya kwanza. Nati akalifukiza jani kwa moshi wa mshumaa, akalifuta, likawa jeusi kama ndugu zake. Kinyozi akalitazama kwa kioo cha jichoni, akapiga mluzi. “Hili ni letu? Jamani, hili ni letu!”

“Subiri. Sijaosha.”

Alimimina petroli kwenye kisosi, akatumbukiza yale manne ya zamani, akakitikisa. Weusi ukatoka, kama wino, mafuta mazito ya saa. Akatikisa tena.

Jani moja likateleza kutoka mgongoni mwa jingine.

Nati akayasukuma kwa kibano cha mama mkwe, moja moja, hadi ukingoni mwa kisosi. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

La kwake, la sita, lilikuwa juu ya kitambaa, zuri, halina kazi.

*

“Funga mdomo,” alisema Kinyozi. Alikuwa amemtoa mteja aliyenyolewa nusu kichwa na kufunga mlango. “Tia lile lako, kesho kamera inalia, tumeshinda. Hilo jingine tunalitupa chooni.”

“Yaligandana,” alisema Nati. “Mafuta. Alitoa matano, akafunga matano. Mimi nimehesabu kabla ya kuosha.”

“Nani anajua?”

“Mimi.” Akamtazama wifi, aliyesimama katikati ya chumba na viganja vyote viwili mdomoni. “Na huyu.”

“Sisemi!” alisema wifi kupitia vidole. “Naapa. Hata nikifa.”

“Alikufagisha,” alisema mama mkwe, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

“Alinifagisha, ndiyo. Hilo ni lake, atalijua mwenyewe.” Nati akamgeukia mumewe. “Watu wangapi wamechukua saa zao kwake?”

“Saba!” alisema Kinyozi kwa fahari. “Na yule mwenye duka la vitambaa kaniahidi, kesho...” Akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaitazama mashine ya kunyolea iliyokuwa mkononi, akaizima.

Nati alikuwa ameshaanza kupanga majani, la kwanza juu ya pete, la pili limelilalia kidogo, la tatu, la nne. Akachukua la tano. La zamani.

“Si utie hata hilo lako basi,” Kinyozi aliomba. “Kesho ukisema, watasema fundi gani hajui kuosha. Kibao kitashuka.”

“Kinaweza kushuka.”

“Na utasema?”

“Nitasema kabla hajabonyeza. Nikisema baada ya kamera kulia, nitaonekana nimesamehe, na mwenye kosa ni mimi.” Akatia skrubu ya kwanza. “Nani kaliondoa lile jiwe la kunolea chini ya mguu wa meza? Rudisha, meza inacheza.”

*

Ijumaa, saa nne kasorobo, mbele ya mlango wa kijani kulikuwa na watu wengi kuliko siku ya harusi yenyewe, kwa maneno ya bibi harusi mwenyewe, mke wa Mzee. Saluni ilikuja nzima. Sokoni walikuja waliokuwa na nafasi na wasiokuwa nayo. Daktari wa Saa alikuja amevaa kofia, akasimama peke yake, na watu walikuwa wamemwachia uwazi pande zote kama mtu mwenye mafua. Duka lake alikuwa amelifunga. Hakukuwa na mteja wa kumfungulia.

Nati alitoa kamera kwenye kitambaa. Hakumpa Mzee.

“Kabla hujapiga, nina neno, na wote mlisikie.” Sauti ilikuwa yake ileile ya kila siku. “Jani halikupotea. Lilikuwa mfukoni tangu Jumamosi, limegandana na mwenzake. Nilihesabu kabla ya kuosha, na kabla ya hapo nilipokea bila kuhesabu. Makosa mawili, yote yangu. Daktari alifunga majani matano kama alivyosema. Waliochukua saa zao wazirudishe. Aliyewaambia wazichukue atawapitia mmoja mmoja kuwaomba.”

Watu wote wakamtazama Kinyozi. Kinyozi akavitazama viatu vyake, akakuta havina msaada.

“Nilisema!” Daktari alipanda juu ya ngazi ya nyumba. “Mmesikia wenyewe! Nilisema matano! Nimedhalilishwa wiki nzima! Fundi asiyejua kuosha jani anaandika kamera kwenye kibao! Rangi nyeupe iko wapi?”

Minong’ono ikageuka upande, kama inavyogeuka. Mama mkwe aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala; akaishika moja.

“Daktari,” alisema Mzee Picha. “Yaligandana kwa nini?”

“Kwa mafuta, si amesema?”

“Mafuta ya nani? Mimi nimekaa na kamera hii miaka arobaini na mbili. Jicho lake sijalipaka hata tone.”

Daktari akashika ukingo wa kofia yake. “Ni... ni ya kuzuia kutu. Nilipoyatoa nikayapaka. Kipuri hakiachwi kikavu. Saa zote tunapaka.”

“Hii ni saa?” aliuliza mke wa Mzee kutoka mlangoni. Alikuwa ameshasimama mahali pake, gauni la bluu, mkono kiunoni. “Daktari, shuka kwenye ngazi, utaingia kwenye picha yangu. Na wewe fundi, mpe mume wangu mashine. Miguu inaniuma.”

Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyekificha kicheko. Daktari akashuka. Nati akamkabidhi Mzee kamera.

Mzee akaiegemeza tumboni, akainamisha kichwa, akachungulia kioo cha juu. Mikono ilitetemeka. Picha ya mkewe ndani ya kioo ilitetemeka nayo. Akavuta pumzi, akaiachia nusu, na kwa kitambo ambacho hakingetosha kusema jina, mikono ikatulia.

Tik.

Sauti ndogo, kavu, kama kijiti kinachovunjwa. Mke wa Mzee akashusha mkono kutoka kiunoni.

“Umepiga?”

“Nimepiga.”

“Sawa. Atakayekunywa chai aingie, asiyekunywa aende akarudishe saa.”

Waliingia wengi. Filamu Mzee aliisafisha mwenyewe mchana uleule, bafuni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na picha ilitoka safi mpaka unaona msumari wa kitasa. Lakini kabla ya hapo, watu wakigombea vikombe, Daktari alimsogelea Nati pembeni ya ukuta wa picha.

“Hilo ulilotengeneza,” alisema, macho yako kwingine. “Unalo?”

Nati akatoa boksi la kiberiti. Daktari akatia kioo chake jichoni, akaliinua jani kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza, akalileta karibu, akalisogeza mbali. Alikaa nalo muda mrefu mpaka chai yake ikapoa.

“Ni wembe?”

“Ni wembe.”

“Umeulainisha kwa moto gani?”

Miaka tisa Daktari hakuwahi kumuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Nati aliisikia hiyo, akaiacha ipite.

“Mdogo,” alisema. “Kazi si moto, ni kupoa. Uzike kwenye mchanga wa moto, uende ukafanye mambo mengine.”

*

Jumatatu Kinyozi alikuwa amemaliza kuomba msamaha nyumba sita kati ya saba na amechoka kuliko mtu aliyelima. Wifi alikuwa bado yupo. Kibao kilikuwa bado kipo. Mashine ya kunyolea ilikuwa inavuma juu ya kichwa cha yule wa benchini aliyecheka na kukigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Daktari wa Saa aliingia, akavua kofia. Saluni nzima ikamgeukia. Alikuwa na boksi la viatu chini ya kwapa, na ndani yake, walivyokuja kuona, mlikuwa na kamera ya zamani, imefunguliwa, na mfuko wa vipuri.

“Iko kwangu miaka mitatu,” alisema. “Ina majani matatu kati ya matano. Mwenye kamera nimekuwa nikimwambia inasubiri kiwanda.”

“Pita huku, Daktari,” alisema Nati. “Karibu kiti.”

Akateremsha sahani nyeupe. Akamimina vipuri vyote, kisha petroli, akatikisa, akasubiri, akatikisa tena, akamwaga, akavitandaza juu ya kitambaa kikavu. Akachukua kalamu na daftari. Daktari akavaa kioo chake cha jichoni, akainama, midomo ikaanza kucheza.

“Kwa sauti, Daktari,” alisema Nati. “Ndivyo tulivyofundishwa.”

Daktari alimtazama. Kisha akakohoa kusafisha koo, na upande wa pili wa pazia mashine ya kunyolea ikazimwa ili watu wasikie.

“Moja,” alisema Daktari.